Kwa Goti Langu la Kulia

Leo tumekwenda Mvumi, mimi na wewe,
nyuma ya pikipiki ya kijana wa Ndahani,
nikiuma pindo la kanga kila shimo.
Usinune. Wewe ndiye uliyeanza.
Ulilia kama mlango wa ghala
siku ya mahari ya Sechelela, mbele ya wakwe,
nilipoinuka kwenda kuhesabu ng'ombe.

Daktari Nyemo, binti mdogo, mikono baridi,
aliinua picha yako dirishani:
"Gegedu limekwisha, bibi. Mfupa unasaga mfupa."
Kusaga nakujua, nikamwambia.
Jiwe la juu, jiwe la chini,
lakini katikati huwa pana uwele.

Kwanza akavuta maji:
ya njano, mazito, ungesema alizeti ya kukamua.
Nikaona haya, kama mtu aliyefumaniwa
ameficha mafuta mwaka wa njaa.
Kisha akaingiza dawa.
Mimi sikupiga kelele. Ulipiga wewe, kwa ndani.

"Miezi mitatu. Pengine minne,
pengine wiki mbili tu. Haiponyi, inatuliza.
Wala hatuchomi kila mwezi;
ikizidi, nayo inakula."
Nimewahi kukopa kwa masharti magumu kuliko hayo.

Basi tupange matumizi.
Mwezi wa kwanza ni wa kupura, hilo halina mjadala.
Wa pili tupande kilimani, kwenye kaburi la Chidawali;
tangu tumzike sijampelekea hata neno.
Wa tatu —
unajua ninachotaka.
Muheme wangu umetundikwa darini, ngozi imekakamaa.
Ngoma ile haishikwi kwa mikono.
Hukaa kati ya mapaja, nawe na mwenzako
mnaibana kama mtoto anayetaka kukimbia.
Misimu miwili wenzangu wamepiga wanne,
nami nimekaa pembeni, napiga makofi
kama mgeni aliyetoka mjini na gari.

"Usilitumikishe sana," alisema yule binti.
Nikajibu ndiyo.
Ndiyo ya mgonjwa ni fupi, haifiki nyumbani.

Sasa ni usiku. Una plasta nyeupe, umevimba kidogo.
Nakukunja: kimya.
Nakunjua: kimya.
Siamini. Nakukunja tena.

Hapa kando ipo ndoo tupu ya lita kumi.
Naivuta polepole, mjukuu asiamke,
naiweka kati yenu.
Kidole kimoja tu.