Hapa Sikusikia

Ukutani, juu ya kabati la mafaili,
kuna maandishi ya bluu yaliyoanza kubanduka:
Mali bila daftari hupotea bila habari.
Chini yake nimekaa miaka kumi na tisa,
mwandishi wa vikao vya ushirika wetu wa zabibu, Hombolo,
nikivuna maneno ya watu wanaovuna zabibu.
Kidole cha kati kimeota sugu ya kalamu.

Jumatatu meneja kaniambia,
"Sechelela, chagua mashine ya kukuandikia.
Ziko tatu, za majaribio, bure mpaka mwisho wa mwezi.
Usiogope, ni msaidizi tu."
Nikamuuliza nani atamsaidia nani.
Akacheka. Kicheko sikukiandika.

Ya kwanza ilimeza kila kitu.
Kikohozi cha mweka hazina, aya nzima.
Upepo wa Agosti ukigonga bati: "mzungumzaji wa tano."
Mama Chilewa aliposimama kutusalimu, Mbukwenyi,
ikaandika: Mbuga nyingi.
Tulicheka hadi ajenda ya pili ikatutoroka,
na kicheko nacho kikaandikwa,
kurasa arobaini na moja
kwa kikao cha bei ya kreti.

Ya pili nadhifu, kama karani mgeni wa benki.
Nukta sita, kila nukta na mhusika wake na tarehe yake.
Meneja aliipenda kabla chai haijapoa.
Lakini nukta ya nne ilisema:
Wajumbe wote wamekubali kumuuzia mnunuzi mmoja.

Nilikuwepo.
Mbijima namjua tangu mizabibu yake ikiwa vijiti.
Iliposomwa ile bei hakusema kitu,
alichukua kofia yake mezani, akaiweka gotini,
akaanza kuikung'uta vumbi ambalo halikuwepo.
Kwa Mbijima hiyo ni hapana,
hapana ya mtu anayedaiwa salfa ya kupulizia shamba
na yule yule anayeuliza, "Kuna anayepinga?"
Kimya kingi kina mshindo, wanasema.
Mshindo wa siku ile haukupata nukta.

Ya tatu ni ya polepole.
Bei yake kwa mwezi ni kreti tatu za msimu mzuri,
nafuu kuliko wenzake.
Niliiuliza sauti zetu zinalala wapi usiku;
ikanijibu vizuri mno, nikaiamini nusu.
Mbukwenyi nayo ilikosea.
Ila ilipofika pale pa kofia na goti
iliacha mstari mweupe, kisha ikaandika:
Hapa sikusikia. Je, kuna aliyejibu?

Nimekaa na mstari huo tangu saa nane mchana.
Miaka kumi na tisa, na mimi sijawahi kuandika hivyo.
Mwaka ule wa mkopo wa trekta
nilisinzia, joto, tumbo la miezi saba,
nikazinduka watu wakivuta viti,
nikaandika: Kikao kimeafiki.
Mwandiko mzuri. Mhuri ukapigwa juu yake.
Watu kumi na mmoja walilipa trekta
ambayo labda waliikataa kwa kukung'uta kofia,
na mmoja wao aliuza shamba
akahamia Mpwapwa kwa shemeji yake.
Daftari lipo. Mali ilipotea na habari zake zote zimeandikwa.

Fomu ya manunuzi ina kisanduku kidogo cha sababu.
Nimejaza: bei.
Meneja ataielewa hiyo.

Kalamu nimeichomeka nyweleni, mahali pake.
Alhamisi nitaiweka simu katikati ya meza
isikilize inachoweza,
nami nitahamisha kiti changu,
nisogee upande wa dirishani,
nikae pale ninapoiona kofia ya Mbijima.