Funguo Mbili

Ikinyesha usiku, magunia hulowa.
Magunia yamelowa.
"Basi ilinyesha," akasema Gidudu,
karani wa ghala letu la kahawa, Budadiri,
akalamba kidole, akafungua daftari, akaandika: mvua.

Subiri, Gidudu.
Hata ndoo hulowesha.
Umeingilia mlango wa kutokea.

Njoo nje. Ingalinyesha,
vumbi la uani lisingalibaki
na alama za pikipiki ya jana,
kila jino la tairi mahali pake.
Alama zipo.
Mvua haikuwepo.

Maji huongeza kilo, hilo kila mtu analijua hapa mlimani.
Aliyeyamwaga aliingia ndani.
Kufuli halikuvunjwa.
Funguo ni mbili:
ama wangu, ama wa Woniala.
Wangu ulilala shingoni mwangu.

Gidudu ananitazama. Kalamu ninayo mimi sasa,
na mstari wa mwisho uko wazi.

Woniala, kaka yangu,
uliyenifundisha kujumlisha kwa punje za buni
sakafuni kwa mama,
natafuta kauli moja ya uongo humu,
moja tu,
naanza tena juu:
ikinyesha usiku