Korongo Asiyeruka

Zalán kaja na gemu mpya,
kaichomeka kwenye televisheni ya babu yake
bila hodi, kama mtu anayechomeka pasi.
Ghorofa ya nne, Kecskemét, Januari.
Bomba la joto linakoroma ukutani,
baba kajifunika blanketi hadi kidevuni.

Kiooni kikatokea kijiji.
Kila dohani naijua:
nilikulia chini ya meza iliyozichora,
nikiokota vipande vya penseli kama kuku.

Na huyo Kelemen, korongo wa bawa bovu,
fagio la masizi begani.
Vipindi ishirini na sita, kila Jumapili,
alipanda ngazi, alipanda punda,
alipanda mkokoteni wa viazi,
alipanda kila kipandwacho
isipokuwa upepo.

Mwalimu wetu akasema: mnaona? Subira huvuta heri.
Padri akamtia katika mahubiri.
Mwanamke wa Szeged, mguu wake mmoja wa mti,
aliandika barua ya kurasa sita;
baba aliiweka kwenye droo ya soksi, ipo mpaka leo.

Ukweli ulikuwa mfupi kuliko mafunzo yake.
Bawa likipiga mara moja ni picha kumi na mbili,
na studio ilikuwa na rangi ya siku nane.
“Aliyelivunja bawa lile,” baba husema
akifikia kiglasi cha pili cha pombe ya aprikoti,
“ni mhasibu.”

Zalán hucheza kama anavyokula, haangalii.
Anawatandika kunguru wa Mfalme Masizi,
anazoa sarafu.
“Sarafu za nini? Kelemen hakuwahi kuwa na senti.”
“Za kununulia fagio kubwa, babu.”
Baba akaguna. Mguno wa mtu
aliyekuta nyumba yake imepakwa rangi na wapangaji.

“Shika wewe. Bonyeza hiki.
Sasa tena, kabla hajatua.”

Mikono ile.
Zamani ilivuta mstari wa upeo wa macho bila rula;
mwaka wa tatu huu, chai humwagikia sahanini
na mimi ndiye nimfungaye vifungo vya shati.
Akabonyeza. Korongo akaruka, akatua.
Akabonyeza tena, na kidole gumba
kikaanza kutetemeka kwa mtindo wake,
tik-tik-tik-tik, hakina breki,
na kila tik bawa likapiga.

Akapita jogoo wa bati juu ya kanisa,
pale Zalán anapoishiaga.
Akapita moshi.
“Babu! Unafanyaje?”

Mfalme Masizi alikuwa akingoja uwanjani
na mataya yake yote ya moto.
Hakuna aliyemshughulikia.

Chini, mapaa yalionekana kwa juu,
vigae vyekundu, kiota, kamba ya nguo
yenye soksi moja.
Baba hakuwahi kuyachora kwa juu;
nani angetazama kutoka huko?
Kuna mtu mahali fulani, kijana labda,
alikaa usiku akaiwaza soksi ile.

Nikataka kumwuliza baba kama amechukia.
Midomo yake ilikuwa ikichezacheza, nikadhani anasali,
mtu ambaye hajaingia kanisani tangu mazishi ya mama.
Nikainama.
Kumi, alikuwa akisema. Kumi na moja.
Kumi na mbili.
Halafu moja.