Kuhesabu Hadi Mia

Nyumba yetu iko Karanga, ng'ambo ya mto Karanga,
na karanga haziingii ndani.
Mwanangu Aikande, miaka saba, huona kichekesho:
"Mama, nikinywa maji ya mto, midomo itavimba?"
Namwambia jina haliumi.
Namwambia, kisha nasita,
maana kazi yangu ni kutazama visivyouma vikiuma.

Leo kioo kilicho chini ya hadubini ni cha kwake.
Nilipaswa kumwachia Mkunde akisome. Sikumwachia.
Nahesabu chembe nyeupe hadi mia,
kidole kwenye kihesabio, tik, tik,
na hizi hapa, esinofili,
punje zake nyekundu kama buni iliyoiva,
kiini vipande viwili, miwani ya mwalimu aliyekasirika.
Moja. Tatu. Saba.
Kwa mtoto mwenye afya, nne zingetosha.
Nafika mia, zimekuwa kumi na tisa.

Miaka minne nyuma, kwenye kipaimara cha jirani,
alionja kashata. Kipande kisichofika ukubwa wa kucha.
Uso ukafura, sauti ikakwama, tukakimbia naye pekupeku.
Tangu siku ile tukafunga mlango wa tumbo,
tukadhani tumefunga nyumba.

Mwezi wa saba huu, Kibosho, uani kwa bibi yake,
walikuwa wanapukuchua mahindi.
Vumbi likapanda na jua
na kifua cha Aikande kikaanza kupiga filimbi.

Mama mkwe akaniuliza, ungo bado mkononi:
"Karanga ni za tumbo. Mahindi haya hata hajayala.
Tumbo na pafu wamejuana wapi?"
Jirani akasema ni baridi ya mlima.
Mwingine akasema mengine; hayo nikayaacha getini.

Nilimpeleka hadi kwenye mfongo,
mfereji ule unaoshuka kutoka kwa akina Mselle.
Nikamwuliza, mama, ugomvi ukianza kule juu?
Akasema, utashuka.
Akasema, mwaka ule wa kugombea zamu ya maji
shamba la chini liliwachukia watu lisiowahi kuwaona.

Basi ndivyo.
Kuna chembe zilizojifunzia chuki tumboni.
Zilikutana na karanga, zikaapa kutosahau.
Damu ni mfongo: zikashuka nayo, zikapanda nayo,
zikahamia pafuni bila kubisha hodi,
zikaketi na wenyeji, zikaanza kusimulia.
Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka,
lakini pafu halijaumwa. Limesimuliwa tu.
Linashtukia unyasi kwa nyoka wa mwenzake.

Mama mkwe akatazama maji muda mrefu.
"Na nani atakwenda kuwapatanisha?"

Sikuwa na jibu la ukubwa huo.
Nina dawa ya kuvuta. Nina chupa ya maji, ya nusu lita,
niliyoitoboa kitako kwa waya wa moto
dawa iingie huku, mdomo wake ukae kule.
Aikande ameichorea samaki mwenye meno.
Vuta, mwanangu. Hesabu hadi kumi.
Akifika sita hucheka, tunaanza upya.

Usiku nalala sikio likiwa mgongoni pake.
Filimbi inafifia, inarudi, inafifia.
Nilitaka kuzilaani chembe zile, nikashindwa.
Zimekesha kwa ajili yake tangu kipaimara kile,
na mimi je?
Napekua mifuko ya wageni.
Nanusa mikono ya wenzake kabla hawajacheza.
Shangazi yake alileta mkate, mkate mtupu,
nikautupa akiniangalia.

Kioo bado kinang'aa chini ya hadubini.
Nachukua fomu, naandika: esinofili, kumi na tisa kwa mia.
Mahali pa maoni
kalamu inakaa, inakaa,
mpaka Mkunde anauliza kama nimemaliza.