Hesabu ya Mirunda

Kwenye daftari langu huna jina.
Naandika: mirunda mia mbili na arobaini,
gari la Kihwele, limeshusha alfajiri,
sita imepinda, mmoja umepasuka kichwa.
Basi. Wateja wa Tegeta hawanunui majina.

Lakini majina unayo, mengi kama ya mkwepa madeni.
Mjini wanakuita mkaratusi.
Fundi Mwinchande anasema mkalitusi
na ukimsahihisha anapandisha bei ya ufundi.
Kwetu Mufindi wewe ni mlingoti,
nami hadi nilipofika pwani, miaka kumi na tisa,
sikujua kuna mlingoti wa bendera
usiotoa majani.

Bwana miti alikuja shuleni na kitabu chake.
Akasema mko ndugu zaidi ya mia saba, kwenu Australia.
Yupo wa gome laini, linabanduka vipande virefu
kama ngozi ya mtu aliyeungua jua.
Yupo anayestahimili ukame.
Yupo wa limau: fikicha jani lake
na kiganja kitanukia hadi kesho.
Tukayaimba majina ya Kilatini kama kwaya iliyokosa mwalimu.
Yote yamenitoka. Harufu imebaki.

Mwaka aliozaliwa mdogo wangu Lutengano
baba alipanda ekari moja, kando ya chemchemi.
Huyu akifika darasa la saba, alisema,
mti utakuwa nguzo, na nguzo itakuwa ada.
Hesabu haikukosea. Ulikimbia juu
kama mtoto aliyetumwa na kuahidiwa andazi.
Alichokosea ni chemchemi.
Mwaka wa tano tulichota tope,
wa sita tukachota maneno ya majirani.

Hapa Dar nimekuona kwingi.
Barabara ya Bagamoyo, mweusi kwa dawa, umeshikishwa waya.
Kariakoo, fungu la majani shilingi mia tano,
mwaka ule watu walipojifunika blanketi juu ya nyungu
wakatoka wamelowa, macho mekundu,
kila mmoja akimwapia mwenzake kwamba kifua kimefunguka.
Kwa Mama Shufaa, umebaki futi mbili,
unaivisha maharage.

Ila kazi yako hasa ni kubeba zege lisilojiweza.
Siku ishirini na moja ghorofa zima limekulalia utosini,
vumbi la saruji kutoka Wazo likikupaka mvi.
Siku ya ishirini na mbili
fundi anakupiga nyundo kisiginoni.
Unaanguka.
Ghorofa linasimama, linapakwa rangi,
na mwenye nyumba anapiga picha.

Alhamisi, nikihesabu mzigo mpya,
kidole kilipita juu ya kovu.
Chale tatu za panga, ya kati fupi.
Nilikuwepo alipozipiga; mimi ndiye niliyeshika mti,
ukiwa mwembamba kama mkono wangu.

Nikapiga simu.
Baba, umeuza?
Nimeuza.
Ada ya Lutengano si ilikwisha zamani?
Ilikwisha. Hii ni ya mama yako, ya hospitali.
Hakuongeza neno, na mimi sikumsaidia.

Yenye chale ilikuwa thelathini na mmoja.
Mteja wa Bunju aliitaka yote, fedha mkononi.
Nikamuuzia thelathini. Bei sikupunguza.
Ule mmoja umeshika kamba ya nguo nyuma ya banda,
na upepo wa mchana ukivuma
shuka zangu zinaugombeza.

Jana baba kapiga mwenyewe.
Visiki vimechipua, kila kimoja
machipukizi saba, manane, yanasongana.
Nibakize mangapi?
Yeye, aliyenifundisha kupogoa, ananiuliza mimi.
Nikasema mawili, baba, yaliyonyooka.
Kisha nikaikumbuka chemchemi,
nikavuta pumzi ili nianze upya,
na salio lake likaisha.