Ubao wa Magoti

Walinitaka fundi, si muumini.
Paroko alituma kijana na pikipiki mpaka karakana yangu,
nyuma ya soko la mbao, Mafinga:
"Kiungamio kimeliwa na mchwa. Padre anauliza bei."
Nikataja bei. Ya juu kidogo,
bei ya mtu anayedai.

Maana miaka kumi na saba sikuvuka kizingiti kile,
tangu Julai ile ya sakitu,
viazi vimeungua shambani kama vimepitiwa na moto,
na baba, Telesfori Mgaya, amelala sebuleni
chini ya blanketi la kijivu,
na mwenyekiti wa jumuiya anafunua daftari:
zaka, miaka mitatu, hakuna.
Alilitamka lile *hakuna*
kama mtu anayepuliza mshumaa.

Padre hakuja. Kengele haikulia.
Tulizika wenyewe. Aliyeomba ni binamu yangu, Mlutheri,
akasahau katikati, akarudia.
Mimi nilishika sepetu
na sikumwachia mtu mpaka shimo likajaa.

Tokea hapo Jumapili zangu zikawa za msumeno.
Mke na watoto wakishuka kanisani, mimi nanoa.
Nilinoa hata kilichokuwa kikali tayari.

Ijumaa nikaingia, futi mkononi, penseli sikioni.
Hamna mtu. Ukungu tu ulikuwa umetangulia,
umekaa mabenchi ya nyuma, kama tukaavyo wanaume.
Harufu ya nta, na ya makoti yaliyolowa.
Nikagonga mbao moja moja, kama daktari na kifua:
hii mbovu, hii mbovu, hii imekwisha.
Fremu wamekula, mlango wamekula.
Ubao wa magoti hawakuugusa.

Mninga. Mti wa mbali, si wa huku kwetu kwenye misindano.
Na juu yake mashimo mawili,
laini kama tumbo la kijiko.
Nikapitisha kidole. Hakuna randa ifanyayo vile.
Ni magoti.
Ya Bi Desderia, aliyeuza ulanzi na kulia kila mwisho wa mwezi.
Ya madereva wa magogo.
Ya mama, na mama aliungama nini,
mtu asiyeweza hata kumtukana kuku?
Shimo la kulia limezama zaidi.
Baba aliangukiwa na gogo, goti la kushoto halikukunja tena vizuri,
uzito wote aliutupia kulia.
Labda si yeye.
Labda ni yeye.

Fundi hupima kwa mwili.
Nilipiga magoti ili nijue kimo, basi.
Yangu yakaingia.

Upande wa pili wa wavu kiti kikalia.
Padre kijana, pengine alikuwa darasa la pili baba alipokufa.
"Fundi, tumefikia wapi?"
Nikasikia mdomo wangu ukijibu:
"Miaka kumi na saba, Padre."

Akanyamaza. Nikamsikia akitafuta stola mfukoni.
Maneno yake yalikuwa yameshika kutu, sikuyapata,
nikaanza na daftari, nikaishia kwenye ile bei.
Hakumtetea mtu.
"Walikosea," akasema. "Pole."
Kisha, baada ya muda: "Na wewe?"
Hilo *na wewe* lilinichukua muda kuliko mengine yote.

Kitubio: Baba Yetu moja, kaburini. Polepole.
Moja! Nilijiandaa kwa rozari nzima.
Nilijiona kama muuzaji
aliyekutana na mnunuzi asiyebishana.

Mwenyekiti bado nikikutana naye sokoni
ninajifanya natafuta kitu mfukoni.
Hilo bado. Nalisema lisije likadhaniwa limekwisha.
Fremu ni mpya, mlango mpya, utomvu unanukia mpaka altareni.
Ule ubao nimeukaza kwa skrubu nne,
randa sikuupitishia.

Jumamosi alfajiri, nyasi zikiwa bado nyeupe,
nilisimama pale kwa Telesfori, kofia mkononi.
Nikaanza.
Katikati nikasahau.
Nikarudia.