Ngazi Sitini na Mbili

Tulianza na cherehani moja ya mkono
iliyokohoa kila ilipofika kwenye pindo,
na likelemba ya falanga mia tano, kila Jumamosi.
Tulishona nepi za wazazi wanaolazwa bila ndugu,
wanaofika hospitali na kitenge kimoja, nacho kimelowa.
Mama Cibalonza alisema: Mzazi asiachwe peke yake.
Nikaandika. Hiyo ndiyo ikawa katiba yetu, yote.

Nyumba tuliipata Kadutu, juu, juu kabisa,
mahali ambapo hata maji hupanda kichwani mwa mtu.
Ngazi tulizipanga wenyewe, jiwe kwa jiwe,
Novemba, udongo ukituvua kandambili.
Sitini na mbili. Nilizihesabu kama rozari.
Mgeni akifika anahema, nasi tunacheka:
ukifika kwetu, umefika kweli!

Kisha Nsimire akaacha kuja.
Yeye, ambaye likelemba yake haikulala hata siku moja.
Nikaandika: hayupo. Hayupo. Hayupo, faini mia mbili.
Jumamosi ya sita nikateremka Nyamugo kumdai.

Nilimkuta kizingitini, amembeba mtoto,
lakini si mtoto wa kubebwa: Ashuza, miaka kumi na mmoja,
vidole vya miguu vikigusa magoti ya mama yake.
"Alipokuwa mwepesi nilipanda naye," akasema.
"Sasa tunalingana. Mgongo umekataa."
Nilimjua Ashuza. Jina lake liko ukurasa wa kwanza,
mstari wa nne: nepi sita, kofia moja ya sufi.
Tulimfunika siku ya kwanza, tukafunga daftari.

Kalamu ya faini nikairudisha kwenye nywele.

Kikao kilichofuata hakikuwa kizuri, nisiwadanganye.
Mama Faida alisimama: sisi ni wa wazazi,
vilema wana mashirika yao, wana magari yao yenye bendera.
Mwingine akauliza kodi ya chini italipwa na nani.
Mama Cibalonza alinyamaza muda mrefu, akivuta uzi
kwenye sindano ambayo, niliona, haikuwa na uzi.
"Mwaka wa pili huu sizioni ngazi zenu," akasema.
"Nazihesabu. Siku nitakayokosea hesabu,
mtanishonea sanda."

Tukateremka.
Chumba kiko kando ya barabara, ukuta mmoja na muuza chumvi;
vumbi linaingia kwenye kitambaa, pikipiki zinatupigia kelele.
Kizingiti tulikivunja kwa nyundo ya kukopa.
Fundi baiskeli alituchomelea kigari cha magurudumu matatu,
mvua ya kwanza kikazama mpaka ekseli,
tukakivuta kwa kamba, Ashuza akiwa ndani anatuamrisha.
Msaada tulioahidiwa haujafika hadi leo.
Mama Faida alikaa nyumbani miezi minne.
Akarudi siku moja amemshika mkono shemeji yake, kiziwi,
bila kueleza neno, nasi hatukuuliza.

Byamungu, huyo shemeji, ndiye fundi wetu mkuu sasa.
Kikohozi cha cherehani hakisikii:
huweka kiganja mezani, anajua uzi umekatika
kabla yetu sote wenye masikio.
Ametufundisha neno "nepi" kwa vidole,
na neno "pumbavu", ambalo Ashuza amelipenda zaidi.

Nepi bado tunashona.

Katiba tulijaribu kuiandika upya, jioni nzima,
kila mmoja akitaka mtu wake atajwe.
Mwisho nikachukua wino, nikakata neno moja, Mzazi.
Likabaki: asiachwe peke yake.
Sentensi haikuanguka.
Kumbe ile herufi ya mwanzo, a, ndogo hivyo,
ilikuwa na nafasi ya mtu yeyote tangu zamani.

Daftari nimemwachia Ashuza; macho yangu nayo yameanza.
Mwandiko wake mbaya, hesabu zake safi.
Faini amezifuta bila kuuliza kikao.
Kando ya safu ya hayupo
amepiga mstari kwa rula, akafungua safu nyingine,
na juu yake ameandika:
nani amemfuata?